Fremu ya Rudy

Verna Haapala aliingia na theluji mabegani,
miwani imefungwa utepe wa fundi bomba.
Akaketi, akavua glavu moja tu,
kama mtu asiyekusudia kukaa.
Duluth, mwezi wa pili. Dirishani ziwa limeganda
hadi pale macho yanapokata tamaa.

"Nitajie bei," akasema, "na uzitaje zote.
Usininyweshe kwa kijiko kama mtoto."

Basi nikaanza.
Fremu hii, dola mia moja themanini na tisa.
Ile ya chini, isiyo na jina ubavuni, arobaini na tisa;
huenda kiwanda ni kimoja, sijui,
najua tu nimezikaza bawaba zake mara ngapi.
Lenzi za kusomea peke yake, themanini.
Zenye mstari katikati, mia na ishirini.
Zisizo na mstari, za mbali, karibu na baina yake,
mia tatu na kumi, pamoja na wiki mbili
za kuziogopa ngazi za nyumba yako mwenyewe.
Kinga ya mng'ao, tisini.
Kinga ya mikwaruzo…

"Hiyo si imo ndani ya lenzi?"

Imo, nikakiri.
Ila kwenye fomu imepewa mstari wake.

Akachekea puani.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la shule
kupanda mlima wenye barafu,
watoto hamsini mgongoni wakirushiana kofia.
Bima ya kazini ililipa, yeye alitia sahihi;
hakuwahi kujua kuwa kuona kuna risiti.
Alipostaafu, bima nayo ikastaafu.

Nyuma ya pazia bosi alikuwa akisaga lenzi.
Mashine ilipopiga kelele, niliinama.
"Cheti cha daktari ni chako. Kiombe, ukitie mkobani,
ukanunue unakotaka.
Ila kinakosa namba moja: mboni hadi mboni.
Bila hiyo, wale wa dola thelathini watakukisia."
Nikaweka rula juu ya pua yake.

Kazi hii ina jambo la ajabu:
unamtazama mtu kwa karibu kuliko mumewe,
naye anaona ukungu wenye shati.
Jicho la kushoto, ndani ya kijivu,
lilikuwa na doa la kahawia, dogo kama chembe ya chai.

"Sitini na moja," nikanong'ona.
Aliiandika kiganjani.

Nilidhani ataondoka.
Badala yake akatoa mkobani soksi ya sufu,
na ndani ya soksi fremu nyeusi, nzito, ya kiume.
"Ya Rudy. Toa zake, tia zangu."

Nikamweleza: plastiki ikizeeka
hupasuka kwenye joto kama ganda la yai,
na ikipasuka, hasara ni yako.
Tena ni pana kwako. Mboni hazitakaa katikati,
lenzi itanenepa pembeni.

"Rudy naye alikuwa mpana," akasema. "Nilizoea."

Akachagua zenye mstari. Mng'ao, hapana:
"Usiku siendeshi tena."

Ile fremu sikumwachia bosi.
Niliipasha moto mwenyewe, taratibu,
nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.
Ililia mara moja. Haikupasuka.

Jumanne akaja, akaivaa, nikampa kioo.
Hakukitazama.
Alitazama juu ya kichwa changu, ukutani,
akasoma kwa sauti, neno moja moja:
"Hatuwajibiki kwa fremu zinazoletwa na wateja."
Kimya.
"Hili bango lilikuwapo siku ile?"

Lilikuwapo.

"Lina kosa la tahajia," akasema.
Akahesabu noti, mia na ishirini,
akaikunja risiti mara nne,
akaisukuma ndani ya ile soksi, hadi kidoleni.